Vita Vikianza, Mhandisi wa Migodi Anapelekwa Wapi?

Mzazi mmoja wa Sakina, hapa Arusha, alinipigia simu baada ya kijana wake kupangiwa chuo. "Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Huyu kijana kapangiwa uhandisi wa migodi. Mimi sina neno, ila mama yake hana amani. Anasema hao ndio wanaojua baruti, vita vikitokea si ndio wanaobebwa wa kwanza?"

Hofu ya mama huyo si ya bure. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa mjini, na tangu 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama. Habari za Goma, Walikale na Rubaya tunazisikia kila wiki, na kila zinapotajwa, madini yanatajwa pamoja nazo. Mtu akisikia hivyo miaka yote, lazima ajiulize wanaoyachimba wanaishije.

Jibu fupi nililompa ni kwamba mara nyingi mambo huwa kinyume: mhandisi wa migodi huzuiwa kwenda mstari wa mbele. Jibu refu halikufaa kwa simu, kwa hiyo naliandika hapa.

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Mhandisi wa migodi hutoa jiwe ardhini. Yake ni maduara na mahandaki, nguzo za kuzuia mwamba usiporomoke, hewa ya kupumua, pampu za maji, na ndiyo, baruti. Mhandisi wa metali anaanzia pale jiwe linapofika juu: kulisaga, kulichenjua, kuliyeyusha, kisha kuchanganya metali moja na nyingine zipatikane aloi zenye sifa inayotakiwa. Sisi wa Arusha tumezoea kumwona wa kwanza tu, na sababu ni Mirerani. Tanzanite haihitaji tanuru la maana. Inapashwa moto kiasi tu ili rangi ya kahawia igeuke bluu, basi inakwenda kwa mkataji. Wakati wa vita, huyu wa pili ndiye anayekuwa adimu.

Mafundi wa zamani wa eneo hili walilijua hilo. Chuma kilichotumika Uchagani karne ya 19 kwa sehemu kubwa kilitoka Upare, hasa Ugweno, ambako wafuaji wa ukoo wa Washana waliyeyusha mchanga mweusi wenye chuma kwa vinu vya udongo na mkaa. Wachaga walikinunua na kukifua kuwa mikuki na majembe. Kwa Wamaasai, mikuki na sime zilitengenezwa na Ilkunono, ukoo wa wahunzi ambao wengine waliwatenga na hawakutaka hata kuoana nao. Morani aliyemdharau mhunzi hakuweza kwenda vitani bila kazi ya mikono yake. Hali hiyo, ya kutegemewa na kutengwa kwa pamoja, tutakutana nayo tena Uingereza.

Swali linalobadilika

Wakati wa amani mhandisi wa migodi huulizwa swali moja: inalipa? Mwamba wenye gramu mbili za dhahabu kwa tani unaweza kuwa mbale, yaani jiwe lenye madini ya kutosha kuchimbwa kwa faida, mwaka huu na kifusi mwaka ujao, kutegemea bei ya dhahabu na bei ya dizeli. Mwamba ni ule ule. Mpaka kati ya mbale na kifusi unachorwa kwa kalamu ya mhasibu.

Vita vinafuta mpaka huo na kuchora mwingine. Swali sasa ni: inapatikana, na inapatikana lini? Mfano ninaoupenda ni wa Marekani. Tarehe 8 Oktoba 1942 bodi iliyosimamia uzalishaji wa vita ilitoa amri namba L-208 ya kufunga migodi ya dhahabu isiyokuwa ya lazima. Dhahabu, madini ambayo kila mtu anayalilia, ilionekana ni mzigo. Haiwezi kutengeneza ganda la risasi wala bamba la meli, na inakula watu, mashine na baruti ambavyo vingeweza kwenda kwenye migodi ya shaba. Wenye migodi walizima pampu, maji yakapanda, mbao za kushikilia mahandaki zikaoza. Vita vilipokwisha migodi mingi haikufunguka tena. Wamiliki walikwenda mahakamani kudai fidia, na mwaka 1958 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hawadai kitu. Kinachouma zaidi ni kwamba wachimbaji wengi walioachishwa kazi hawakwenda kwenye shaba kama ilivyopangwa. Walitafuta kazi nyingine zenye nafuu.

Hapa kwetu mambo yalikwenda upande mwingine. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, katikati ya vita. Watu hufikiria pete, lakini viwanda vya silaha vilitaka almasi za kukatia na kunolea vifaa vya chuma kigumu. Ulanga wa milima ya Uluguru nao ulitafutwa kwa sababu unazuia umeme usipite na unavumilia joto, na kila redio ya jeshi ilikuwa na vipande vyake ndani. Mtu aliyeuza ulanga kabla ya vita angeweza kuonekana anachekesha. Miaka michache baadaye anasakwa na serikali.

Mzinga wa Kahe na sarafu ya Tabora

Kama unataka kuona uhandisi wa metali wa wakati wa vita bila kwenda mbali, anzia Kahe, kituo cha reli kusini-mashariki mwa Moshi. Wajerumani walipozingirwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hapakuwa na meli ya kuwaletea silaha za kutosha. Manowari yao Königsberg ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Wakaingia majini, wakaitoa mizinga yake kumi ya milimita 105, wakaipeleka kwenye karakana za Dar es Salaam na kuitengenezea magurudumu. Mzinga uliobuniwa kukaa juu ya sitaha ya meli ukawa wa kukokotwa nchi kavu. Mmoja wapo ulifika Kahe, na katika mapigano ya Machi 1916 ulitumika dhidi ya majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliyokuwa yameshaichukua Moshi. Wajerumani walipolazimika kurudi nyuma waliulipua wenyewe ili usitekwe.

Fikiria kazi iliyokuwa pale karakana. Mzinga ukifyatuliwa hurudi nyuma kwa nguvu kubwa. Melini nguvu hiyo hupokelewa na mwili mzima wa meli. Nchi kavu inapokelewa na ekseli na magurudumu uliyotengeneza kwa chuma ulichokiokota. Hakuna kiwanda cha kuagiza kipuri, na chuma chenyewe hujui kilichanganywa na nini.

Mwaka huo huo wa 1916, Tabora, upungufu wa fedha ulizaa jambo la ajabu zaidi. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ulioko Singida ya leo, ilipelekwa kwenye karakana ya reli, ikachanganywa na metali nyingine hadi usafi wa asilimia 75, ikapigwa kuwa sarafu za rupia 15. Zilitoka kama 16,000 hivi. Upande mmoja kuna tai wa Kijerumani. Upande wa pili kuna tembo amenyanyua mkonga, na nyuma yake mlima ambao wengi huutambua kuwa Kilimanjaro. Sarafu ndogo za heller zilipigwa kwa maganda ya risasi yaliyookotwa. Leo wakusanyaji huzinunua hizo za dhahabu kwa bei ambayo ingeweza kujenga nyumba ya kupangisha Njiro, au angalau msingi wake.

Mlango mwembamba ni tanuru

Waliofuatilia sakata la makinikia la 2017 watalielewa hili haraka. Tulikuwa na migodi, tulikuwa na mbale, lakini mchanga uliochenjuliwa nusu ulikuwa unasafirishwa nje kwa sababu tanuru la kuuyeyusha hatukuwa nalo. Makontena 277 yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, ubishi mzima ulikuwa: ndani yake mna nini hasa? Huo ndio udhaifu wa mwenye mgodi asiye na tanuru, na wakati wa vita udhaifu huo unageuka hatari.

Uingereza iliupata mwaka 1914. Wolframu, ambayo wengine huiita tangsteni, ndiyo inayofanya chuma cha kukatia kibaki kikali hata kikiwa chekundu kwa moto wa msuguano. Bila hicho, karakana inachonga makombora kwa mwendo wa kobe. Madini yenyewe yalitoka Burma na Cornwall, chini ya bendera ya Uingereza. Kazi ya kuyageuza kuwa metali ilikuwa Ujerumani. Vita vilipoanza, Waingereza wakajikuta na mawe wasiyoweza kuyatumia, ikabidi wakimbizane kujenga kiwanda Widnes. Zinki ya Broken Hill, Australia, ilikuwa na hadithi ile ile: matanuru yake yalikuwa Ujerumani na Ubelgiji, ilhali ganda la risasi ni shaba na zinki.

Katika Vita vya Pili vya Dunia shinikizo lilikuwa kwa Wajerumani. Ndege ya jeti Me 262 ilikuwa na kasi kuliko ndege yoyote ya adui, lakini injini yake ya Jumo 004 ilihitaji metali zinazovumilia joto: nikeli, kobalti, kromiamu. Hazikuwepo za kutosha. Wahandisi wakatumia chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, na mapanga ya turbini wakayafanya yawe na uwazi ndani ili hewa ipite na kuyapoza. Ilifanya kazi, na kwa ufundi ni jambo la kuvuliwa kofia. Ila injini ilidumu saa 10 hadi 25 tu, kisha inashushwa.

Upande wa pili nao walikuwa na yao. Marekani ilijenga meli kwa haraka kwa kuziunganisha kwa kuchomelea badala ya kupiga ribiti. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia bandarini Portland, bila bomu wala dhoruba. Lawama ziliwaangukia wachomeleaji, na wengi wao walikuwa wageni wa kazi hiyo, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuwasingizia. Mtaalamu wa metali wa Cambridge, Constance Tipper, alionyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa ndani ya chuma chenyewe: kikifika chini ya kiwango fulani cha baridi kinaacha kupinda na kuanza kukatika kama kioo. Kuchomelea kulifanya ufa ukishaanza usiwe na pa kusimama, kwa sababu bamba zote zimekuwa mwili mmoja. Leo vipimo vya chuma kwa baridi ni jambo la kawaida, na kila mwanafunzi wa metali anavijua.

Nani abaki, nani aende

Turudi kwa mama wa Sakina. Nchi nyingi zikiingia vitani huandika orodha ya kazi ambazo watu wake hawachukuliwi jeshini. Wahandisi wa migodi na wa metali huwa humo. Ukraine leo ina utaratibu wa namna hiyo: kampuni inayotambuliwa kuwa muhimu inaweza kuomba sehemu ya wafanyakazi wake, kwa kawaida nusu ya wanaostahili kuitwa, wabaki kazini. Nusu nyingine ndiyo inayomnyima meneja usingizi. Anachagua yeye nani aandikwe. Upungufu wa watu umekuwa mkubwa kiasi kwamba sheria iliyowazuia wanawake kufanya kazi chini ya ardhi iliwekwa kando mwaka 2022, na sasa wapo wanawake wanaoendesha pampu na treni za mgodini.

Uingereza ilikosea hesabu hiyo. Ilipoanza vita iliwaacha makumi ya maelfu ya wachimbaji wa makaa ya mawe waende jeshini au kwenye viwanda vyenye mshahara mzuri, na kufikia 1943 makaa yakawa hayatoshi. Waziri wa kazi Ernest Bevin akaleta bahati nasibu: tarakimu ilitolewa kwenye kofia, na kijana aliyeitwa jeshini ambaye namba yake iliishia na tarakimu hiyo alipelekwa mgodini badala ya vitani, atake asitake. Kati ya Desemba 1943 na mwisho wa mpango huo vijana wapatao 48,000 waliingia migodini, waliochaguliwa kwa bahati nasibu na waliojitolea. Hawakuwa na sare. Polisi waliwasimamisha mitaani wakidhani ni watoro wa jeshi, na waliokataa kwenda wengine walifungwa jela. Serikali iliwapa beji ya kuwatambua mwaka 2008. Ilkunono wangewaelewa.

Hata hivyo mama hakukosea kabisa kuhusu baruti. Mwaka 1915 jeshi la Uingereza liliunda vikosi vya wachimba mahandaki kutoka migodini na kwa wachimba mifereji ya maji taka, wachimbe chini ya mitaro ya Wajerumani. Alfajiri ya Juni 7, 1917, huko Messines, Ubelgiji, mashimo 19 yaliyojazwa baruti yalilipuliwa karibu kwa pamoja. Wanajiolojia walishiriki kwa sababu udongo wa bluu wa chini ulikuwa rahisi kuchimbwa kimyakimya, wakati mchanga wa juu uliojaa maji ungewazamisha. Ni ujuzi ule ule wa mlipuaji wa Mirerani anayejua ni tundu gani litangulie na lipi lifuate, isipokuwa juu ya mwamba kulikuwa na watu.

Vita vikifika mlangoni

Mgodi hauwezi kukimbia, na hapa ndipo kazi ya mhandisi inapokuwa ngumu kuliko kote. Maji ya ardhini hayasubiri mapatano. Waliokuwepo Mirerani Machi 2008 wanajua mvua ya usiku mmoja ilivyofurika mashimo na kuua makumi ya wachimbaji. Sasa chukua Donbas, mashariki mwa Ukraine, ambako migodi ya makaa ya mawe imeunganishwa chini kwa chini na pampu zimekuwa zikifanya kazi kwa vizazi. Umeme ukikatwa, au mwenye mamlaka mpya akiamua pampu ni gharama, maji yanapanda kupitia mwamba wenye salfa, yanakuwa na chumvi na chuma, na hatimaye yanafika kwenye visima. Mgodi wa Yunkom, ambako Wasovieti walilipua bomu dogo la nyuklia chini ya ardhi mwaka 1979, uliachwa ujae maji mwaka 2018.

Tanuru nalo lina ugumu wake. Tanuru la kuyeyushia chuma huwashwa na kufanya kazi mfululizo kwa miaka. Likipoa na chuma kikiwa ndani, kinaganda na kuwa jiwe la tani nyingi. Majiko ya koki, yale ya kuoka makaa ya mawe, ni magumu zaidi kuyazima kwa sababu matofali yake ya silika hupasuka yakipoa. Ndiyo maana kiwanda cha koki cha Avdiivka kiliendelea kuwashwa mwaka 2014 na 2015 huku makombora yakiangukia uani. Wafanyakazi hawakuwa mashujaa wa sinema. Walikuwa wanajua kwamba jiko likipoa, kiwanda kimekufa. Mariupol, Februari 2022, wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Azovstal waliyazima matanuru kwa utaratibu siku vita vilipopanuka, na mahandaki ya chini ya kiwanda yakawa kimbilio la raia na askari hadi Mei. Mgodi mkubwa wa makaa ya koki karibu na Pokrovsk ulisimama Januari 2025, na kwa kusimama kwake viwanda vya chuma vilivyobaki vikalazimika kutafuta makaa nje ya nchi. Vyuo navyo vinahama: chuo kikuu cha ufundi cha Donetsk kilikimbilia mji ambao sasa unaitwa Pokrovsk mwaka 2014, na 2022 kikahama tena kwenda Lutsk, magharibi kabisa.

Karibu nasi, mgodi wa bati wa Bisie, wilayani Walikale, unaotoa takriban asilimia 6 ya bati ya dunia, ulisimamisha kazi Machi 13, 2025 na kuondoa watu wake waasi wa M23 walipokaribia. Ulianza tena Aprili walipoondoka. Rubaya, kwenye koltani, madini ya kutengenezea vifaa vya elektroniki, hali ni nyingine: M23 waliushika mji huo mwaka 2024 na uchimbaji ukaendelea, kodi ikilipwa kwao.

Hapo mhandisi anakutana na sheria. Kanuni za Hague za 1907 zinakataza uporaji, na Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unauita uhalifu wa kivita. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo, kwa madhara ya vita ambavyo jeshi lake lilipigana huko, dola milioni 325, ambapo milioni 60 ni za maliasili. Lakini jiwe halina hati ya kusafiria. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, imetengeneza njia ya kupima chembe za mbale ya bati, koltani au wolframu na kulinganisha mchanganyiko wake na sampuli za migodi inayojulikana. Njia hiyo inafanya kazi kabla ya kuyeyushwa tu. Mbale za machimbo kumi zikishaingia tanuru moja, zinatoka bati moja isiyo na asili. Kwa hiyo wakaguzi hawahangaiki na maelfu ya mashimo. Wanabisha hodi kwenye vinu vya kuyeyushia, ambavyo duniani ni vichache, na wanaomba kuona daftari la mapokezi: mzigo umetoka wapi, umepimwa na nani, na nani ametia sahihi upokelewe. Mara nyingi sahihi hiyo ni ya mhandisi wa metali.